Kitabu Chini ya Vidole: Kumfundisha Kusoma Mtoto Asiyeona Katika Darasa la Kawaida

Mwanachuo aliyepelekwa shule ya mazoezi, akikuta darasani mwake mtoto asiyeona, aghalabu huwauliza wakufunzi wake swali moja: nitamfundishaje huyu kusoma? Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba amkalishe karibu na ubao, aseme kwa sauti ya kusikika, na amchagulie rafiki mwema wa kumsomea. Jibu hilo si baya, lakini si jibu la swali alilouliza. Aliuliza habari za kusoma, akajibiwa habari za kusikiliza. Makala hii inakusudia kulirudia swali lenyewe. Haiwahusu sana walimu wa elimu maalumu waliopata mafunzo yao katika chuo cha Patandi na kwingineko, kwani hao wanayajua haya kuliko mwandishi. Inamhusu mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi, ambaye mtoto huyu yumo katika daftari lake la mahudhurio, na ambaye hana budi kumfundisha.

Naanza na somo nililolikagua wakati wa mazoezi ya kufundisha. Lilikuwa somo la Kiswahili, Darasa la III, na hadithi ilihusu mzee mmoja na punda wake. Mwanachuo alikuwa ameandaa somo lake vizuri. Watoto walisoma kwa zamu, na zamu ilipomfikia mtoto mmoja asiyeona, wa umri wa miaka kama kumi hivi, alisimama, akafungua karatasi zake za nukta nundu juu ya dawati, akasoma aya nzima bila kusita. Darasa likampigia makofi. Nami nilikuwa nimekwisha kuandika kwenye fomu yangu ya ukaguzi kwamba mwanafunzi asiyeona anasoma vizuri sana.

Kilichonishtua ni jambo dogo. Kitabu kilisema kwamba mzee alifunga mzigo, akaenda zake sokoni. Mtoto alisema kwamba mzee alifunga mizigo yake, akashika njia ya sokoni. Maana ni ile ile, lakini maneno siyo. Nikasogea karibu nikatazama karatasi zake. Mimi si msomaji hodari wa nukta nundu, lakini alama ya namba naijua: ni nukta nne zinazofanana na herufi L iliyogeuzwa. Ukurasa ule ulijaa alama hiyo kutoka juu hadi chini. Hadithi ya mzee na punda haiwezi kuwa na namba katika kila mstari. Zilikuwa karatasi za Hisabati.

Kipindi kilipokwisha nilimwita kando, nikamwuliza kwa upole. Alijibu, “Samahani, mwalimu. Hiki si chenyewe. Chenyewe hakijaja. Dada hunisomea jioni, nami nashika.” Nilipompa neno moja moja alisome kwa vidole, aliweza kulisoma jina lake na maneno mengine machache. Herufi alifundishwa alipoanza shule. Kisha vitabu havikupatikana, na vidole vikasahau. Miaka miwili alikuwa akipandishwa darasa kwa kumbukumbu yake, na kila mwalimu alimsifu. Sifa hizo ndizo zilizomwumiza, kwa kuwa hakuna anayemtafutia kitabu mtoto ambaye tayari anasoma vizuri sana. Fomu ile niliifuta.

Kukariri na kusoma

Yafaa basi mwanachuo ajue namna ya kumtambua mtoto anayekariri. Njia iliyo rahisi ni kuyachunguza makosa yake. Mtoto anayesoma kwa vidole hukosea kwa namna ya nukta: huchukua herufi moja badala ya nyingine inayofanana nayo, akatamka neno ambalo pengine halina maana kabisa mahali pale, kisha akasita na kurudi nyuma. Mtoto anayekariri hukosea kwa namna ya maana: hutia neno jingine la maana ile ile, au huruka sentensi nzima na kuendelea bila wasiwasi, na wala hasiti. Kwa mtoto wa Darasa la II au la III, kusita ni dalili njema. Ukiona mtoto asiyeona anasoma mfululizo kama maji ya bomba, mpe ukurasa asiopata kuusikia, au mwambie aanze katikati ya aya. Usifanye hivyo mbele ya darasa, maana lengo si kumfedhehesha.

Wako walimu watakaouliza: ikiwa mtoto ana akili ya kushika hivyo, na ikiwa siku hizi kuna vinasa sauti na simu zinazosoma maandishi kwa sauti, kwa nini kumsumbua na nukta? Swali hili ni la haki na linastahili jibu kamili. Kusikiliza ni elimu, na mtoto asiyeona anahitaji kusikiliza sana kuliko wenzake. Lakini sikio halionyeshi umbo la maandishi. Anayesikiliza tu hajui kwamba “kwa sababu” ni maneno mawili na “ninakupenda” ni neno moja. Hajui aya inaanzia wapi, wala kwamba jina la mtu huanza kwa herufi kubwa. Tena katika nchi yetu ziko sehemu nyingi ambako watoto hawatofautishi sauti za l na r. Mtoto aonaye wa sehemu hizo hurekebishwa na kitabu: huona “kula” na “kura” yameandikwa mbalimbali, hata kama mwalimu wake mwenyewe anayatamka mamoja. Mtoto asiyeona hurekebishwa na kitabu vile vile, kwani katika nukta nundu l na r hutofautiana kwa nukta moja. Anayesikiliza tu hatarekebishwa na yeyote. Na siku atakapotaka kuandika barua yake mwenyewe, au kusoma barua ambayo hapendi mtu mwingine aijue, kumbukumbu yake hodari haitamfaa kitu.

Chumba chenye nukta sita

Mwanachuo huogopa nukta nundu kwa kuwa anaziona kama siri. Hazina siri. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa tarehe 4 Januari, 1809, katika kijiji cha Coupvray, alipofuka akiwa mtoto mdogo baada ya kujichoma jichoni kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake aliyekuwa akitengeneza vifaa vya ngozi vya farasi. Alipokuwa mwanafunzi mjini Paris, watoto wasioona walisomeshwa kwa herufi za kawaida za Kizungu zilizochapwa zikatokeza juu ya karatasi. Walimu walizipenda herufi hizo kwa sababu wao wenyewe waliweza kuzisoma kwa macho. Vidole vya watoto vilizisoma kwa taabu, na kuziandika watoto hawakuweza kabisa. Braille alichukua maandishi ya nukta 12 yaliyobuniwa na afisa wa jeshi aitwaye Charles Barbier, akayapunguza yakawa ya nukta sita, kiasi cha kuenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Kazi hiyo aliifanya akiwa na umri wa miaka 15, na kitabu chake kilitoka mwaka 1829. Hata hivyo shule yake yenyewe haikuyakubali rasmi maandishi hayo mpaka mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kufa. Sababu mojawapo ya kuchelewa huko ni kwamba walimu waonao hawakutaka kujifunza maandishi mageni kwao. Naomba mwanachuo auweke moyoni mfano huu kila atakaposhawishika kuchagua njia iliyo nyepesi kwa mwalimu.

Kila herufi hukaa katika chumba kimoja, ambacho walimu wa elimu maalumu hukiita seli. Chumba kina safu mbili za kusimama, kila safu nukta tatu. Safu ya kushoto, kutoka juu kwenda chini, ni nukta ya 1, ya 2 na ya 3. Safu ya kulia ni ya 4, ya 5 na ya 6. Kwa kutokeza baadhi ya nukta na kuacha nyingine bapa, zapatikana alama 63, nazo zatosha herufi, tarakimu na vituo vyote. Herufi kumi za kwanza, a mpaka j, hutumia nukta nne za juu tu. Herufi kumi zinazofuata, k mpaka t, ni zile zile za kwanza zikiongezwa nukta ya 3. Zinazosalia huongezwa nukta ya 3 na ya 6. Herufi w peke yake haifuati mpango huu, kwa kuwa Kifaransa cha wakati wa Braille hakikuwa na haja nayo. Kwetu Kiswahili hakisemeki bila w, basi mwalimu aifundishe mapema kama herufi yenye tabia yake, asingoje zamu yake katika abjadi.

Mwalimu aonaye hana haja ya kujifunza kusoma kwa vidole. Ajifunze kwa macho. Mtu mzima anayejua mpango huo wa makumi, akifanya mazoezi kila jioni, ataweza kusoma kazi za mwanafunzi wake baada ya majuma machache. Asijisikie kwamba anafanya udanganyifu. Kazi yake ni kusahihisha, na macho yatosha kwa kazi hiyo.

Vidole kabla ya herufi

Mtoto aonaye hufika shule akiwa amekwisha kuona maandishi maelfu ya mara: dukani, kwenye magari, kwenye mifuko ya unga. Mtoto asiyeona huenda hajapata kugusa herufi hata moja siku anapoandikishwa. Kwa hiyo kipindi cha utayari wa kusoma ni kirefu zaidi kwake, na mwalimu asikifupishe kwa hofu ya kuachwa nyuma na azimio la kazi. Mtoto apambanue mchele na maharage kwa kugusa. Afuate uzi uliogundishwa kwenye karatasi nzito toka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kwanza uzi mmoja, baadaye nyuzi kadhaa zilizopangwa kama mistari ya kitabu. Atafute pengo katika mstari wa punje. Mazoezi haya yanafanana na mchezo, na watoto waonao nao huyapenda wakifumbwa macho kwa kitambaa. Tena ni njia nzuri ya kuwafanya wauheshimu ufundi wa mwenzao.

Kwa chumba cha nukta sita hapana haja ya kungoja vifaa kutoka ng’ambo. Trei ya mayai ikikatwa ikabaki vikombe sita, viwili kwa vitatu, ni chumba kamili, na kete za bao au vizibo vya chupa za soda ni nukta. Mtoto apange “nukta ya 1 na ya 2” mpaka mkono wake uijue ramani hiyo bila kufikiri. Hapo ndipo aletewe nukta za kweli, na mwalimu atazame vidole. Msomaji mzuri hugusa kwa wepesi na kwenda mbele. Anayebonyeza mpaka ncha za vidole zikawa nyeupe, au anayesugua juu na chini, anaziharibu nukta na anajichelewesha. Atumie mikono miwili: wa kulia umalizie mstari, wa kushoto utangulie kuutafuta mstari unaofuata.

Katika kuchagua herufi za kwanza, tusifuate abjadi. Napendekeza a, b, l na m. Herufi a ni nukta moja, b ni nukta mbili na l ni nukta tatu, zote katika safu ya kushoto, kama mtu anayekua. M ina umbo lisilofanana nazo. Kwa herufi hizi nne tu mtoto tayari anasoma baba, mama, lala, mamba na lamba, yaani maneno kamili yenye maana, katika juma lile lile la kwanza.

Sasa naja kwenye jambo ambalo viongozi vingi vya mwalimu hulipita kimya. Herufi e ni nukta ya 1 na ya 5. Herufi i ni nukta ya 2 na ya 4. Chora zote mbili uzitazame: moja ni sura ya mwenzake katika kioo. Mtoto wa Kiingereza naye ana taabu hiyo, lakini Kiswahili kimejaa irabu hizi, nazo huamua maana ya neno. Penda na pinda. Sema na sima. Kidole kinachokosea hapa hakikosei herufi tu, kinakosea neno zima. Kwa hiyo zisifundishwe kwa pamoja kamwe, hata kama wimbo wa a, e, i, o, u unaimbwa kila asubuhi. Ifundishwe e kwanza, kwa maneno kama embe, beba na lea, mpaka iwe imara. Herufi kadhaa zipite katikati. Ndipo ije i. Tahadhari hiyo hiyo itumike kwa d na f, kwa h na j, na kwa r na w, ambazo nazo ni jozi za kioo. Tena ziko jozi zilizopinduliwa juu chini: m na u, n na z, p na v. Mwanachuo akiziandika jozi hizi nyuma ya daftari lake, makosa mengi ya mwanafunzi ambayo yalionekana ni uzembe yatapata maelezo.

Kuandika kuna njia mbili. Ya kwanza ni mashine. Ile ya Perkins iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951 imeenea shuleni kwetu. Ina funguo sita, moja kwa kila nukta, na mtoto hubonyeza funguo zote za herufi kwa pamoja, kisha akaweza kusoma papo hapo alichokiandika. Uzito wake ni karibu kilo tano na bei yake ni kubwa, kwa hiyo mashine moja mara nyingi huzunguka kwa watoto wengi. Ya pili ni bamba lenye vidirisha na msumari mfupi wenye mpini. Hili ni jepesi na rahisi kupatikana, ila nukta huchomwa kwa nyuma ya karatasi, basi mwandishi huenda kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi huandikwa kinyume chake. Hapo e na i huzidi kugombana. Mwalimu asimwambie mtoto “kushoto” na “kulia”, kwani maneno hayo yatageuka kila karatasi inapogeuzwa. Amwambie “safu ya kwanza” na “safu ya pili”, yaani ile mkono unayoikuta kwanza na ile unayoikuta baadaye. Maneno hayo ni kweli katika kusoma na katika kuandika pia.

Niseme neno kuhusu watoto wenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino. Hao si wasioona. Mtoto anayeweza kusoma maandishi yaliyokuzwa, au maandishi ya kawaida akiyasogeza karibu na uso, asomeshwe kwa macho yake, akae mahali ambapo jua halimpigi usoni. Nimewaona watoto wa namna hii wakiinamia karatasi za nukta nundu na kuzisoma kwa macho, kwa kufuata vivuli vya nukta. Huko ni kumpa mtoto taabu mbili badala ya moja.

Kitabu chenyewe

Haya yote ni bure pasipo kitabu. Shule zetu za mwanzo za wasioona, kama ile ya Thika nchini Kenya iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na ile ya Buigiri mkoani Dodoma iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, zilimkusanya mtoto mahali palipokuwa na mwalimu, mashine na karatasi. Leo watoto wengi wako katika vitengo na katika madarasa ya kawaida, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaitambua haki yao ya kusoma pamoja na wenzao. Hatua hiyo ni njema. Lakini mtoto akihamia darasa la kawaida, kitabu nacho hakina budi kuhama pamoja naye. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa vitabu vya kiada kwa nukta nundu na kwa maandishi yaliyokuzwa. Shida ni pale kitabu cha wote kinapoingia darasani Januari, na cha mtoto huyu kinafika baada ya somo kupita. Kitabu kilichofika baada ya somo si kitabu cha kiada tena.

Yafaa mwanachuo aelewe kwa nini kazi hiyo ni ndefu. Nukta nundu haziwezi kupunguzwa ukubwa kama herufi za wino, maana kidole hakibadiliki. Karatasi nzito ya kawaida huchukua mistari kama 25, na kila mstari vyumba kama 40, yaani vyumba 1,000 pamoja na mapengo. Ukurasa wa wino wenye herufi na mapengo 2,000 huhitaji karatasi zisizopungua mbili. Kitabu chembamba cha hadithi huwa majuzuu mawili, na cha Maarifa huweza kuwa majuzuu mengi ya kujaza rafu. Ndiyo sababu haifai kumwambia mtoto “fungueni ukurasa wa 34”, kwa kuwa 34 yake siyo yenu, isipokuwa kama mnakili ameitia namba ya ukurasa wa wino pembeni. Mwombe mnakili aitie daima. Ni kazi ya dakika moja kwake, nayo humwokoa mtoto asiulize kila siku mbele ya wenzake.

Kwa muda mrefu kikwazo kingine kilikuwa hakimiliki: kunakili kitabu kwa nukta nundu kulihitaji idhini ya mwenye haki, na nakala iliyotengenezwa nchi moja haikuvuka mpaka kwa urahisi. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa nchini Moroko mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2016, uliviondoa vikwazo hivyo kwa nchi zilizojiunga. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020. Faida yake kwetu Waswahili ni dhahiri, kwani hadithi ya Kiswahili iliyokwisha kunakiliwa Nairobi haina sababu ya kunakiliwa upya Dodoma. Mwalimu mkuu anayeambiwa kwamba kitabu fulani hakiwezi kunakiliwa kwa sababu ya hakimiliki na ajue kwamba sheria za mataifa zimebadilika, na aulize tena.

Picha ni tatizo la peke yake. Vitabu vya madarasa ya chini husema, “Tazama picha hii. Watoto wanafanya nini?” Mnakili asiye mwalimu huacha pengo, au huandika neno “picha” na kuendelea. Ni juu yako wewe mwalimu wa somo kumwambia nini kifanyike, kwa sababu ni wewe unayelijua lengo la somo. Picha nyingine ni pambo tu, ziachwe. Nyingine ndiyo yenye swali. Hiyo ielezwe kwa sentensi mbili au tatu, kwa uangalifu ili maelezo yasitoe jibu: ukiandika “watoto wanavuta kamba” umekwisha kulijibu swali, bali ukiandika kwamba watoto wameshika ncha mbili za kamba, wameinama nyuma na miguu yao imechimba mchanga, umeacha kazi ya kufikiri. Ramani na maumbo ya Hisabati yanahitaji kuguswa, na uzi, gundi na punje za mtama vinatosha. Mchoro wa kugusa uwe na mambo machache. Ramani ya Tanzania yenye mipaka, maziwa matatu makubwa na reli ya kati inasomeka. Ukiongeza mikoa yote itakuwa kama ukoko wa wali.

Kwa vitendo, basi, mwanachuo anapoandika azimio lake la kazi, aandike pia orodha ya kurasa atakazozitumia na tarehe zake, ampe mwalimu wa elimu maalumu majuma matatu kabla. Akiwa hayupo mwalimu wa namna hiyo shuleni, ulizia shule jirani yenye kitengo. Usingoje kitabu kizima: kurasa mbili zilizofika Jumatatu asubuhi ni bora kuliko majuzuu manne yatakayofika Agosti. Zikifika, zihifadhiwe wima rafuni kama sahani, zisilazwe zikapangwa juu kwa juu, wala kuwekewa kitu kizito, maana nukta zilizobonyea hazisomeki. Nimewahi kukuta majuzuu mapya kabisa chini ya mfuko wa mahindi ya shule.

Turudi kwa yule mwanachuo wa hadithi ya punda. Alikuwa amebakiwa na majuma matatu ya mazoezi. Aliazima bamba na msumari kutoka kitengo cha shule nyingine, akaandika abjadi ya nukta kwenye kipande cha karatasi akakibandika juu ya meza yake, na kila usiku akanakili nusu ukurasa wa hadithi inayofuata, akiharibu karatasi nyingi. Niliporudi kumkagua mara ya mwisho, mtoto alikuwa na ukurasa mmoja na nusu mbele yake, hadithi ambayo dada yake hakuwa amemsomea. Alisoma taratibu sana. Watoto wenzake walianza kuchezacheza, na mwanachuo akawatuliza. Katika mstari wa nne mtoto alisita, akarudisha kidole nyuma mara mbili, kisha akainua uso. “Mwalimu,” alisema, “hapa umeandika pinda. Ulitaka kuandika penda?”

Mwanachuo alikwenda akatazama, akakuta ni kweli.